Kuchora Shajara ya Ukoo Wenye Wasiwasi wa Kujirudia: Mwongozo kwa Familia za Tanga

Katika misikiti ya Ngamiani, na hata majumbani penye ndoo na kata, hakosekani mtu mmoja ambaye sala ya jamaa husimama na kumalizika yeye bado anaosha mkono uleule wa kuume, kwa sababu hana hakika kwamba maji yamefika kwenye kiwiko. Watu humwita mwenye wasiwasi, humhurumia au humcheka kidogo, kisha huendelea na shughuli zao. Siku kijana wa nyumba hiyo anapoanza naye kurudia udhu, kuoga au kufunga mlango, mzee mmoja barazani husema, "Huyo kamrithi shangazi yake." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini kama ilivyo haimsaidii daktari wala mgonjwa, kwa kuwa haisemi huyo shangazi ni nani kwa damu, alikuwa akifanya nini hasa, alianza akiwa na umri gani, na ni wangapi wengine katika ukoo ambao hawakutajwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuigeuza kauli ya barazani kuwa shajara, yaani mchoro wa ukoo mfano wa mti na matawi yake, kwenye ukurasa mmoja wa karatasi unaoweza kuwekwa mezani kwa daktari wa afya ya akili, na namna ya kuusoma ukurasa huo bila kujitisha.

Unachokitafuta

Neno wasiwasi limebeba mengi katika lugha yetu. Mama anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe ana wasiwasi, na nahodha anayeliona wingu jeusi likijikusanya upande wa Pemba ana wasiwasi pia, wala hakuna ugonjwa hapo. Ugonjwa unaozungumziwa hapa, ambao madaktari huuita kwa kifupi OCD, una sehemu mbili. Ya kwanza ni mawazo, taswira au misukumo inayomwingia mtu bila kuialika na kumsumbua, kama vile hofu ya najisi, shaka kwamba gesi haikuzimwa, au wazo la kufuru linalomjia mcha Mungu katikati ya sala. Ya pili ni vitendo anavyojiona analazimika kuvirudia ili kuituliza hofu hiyo, iwe ni kuosha, kukagua, kuhesabu, kupanga vitu, au kurudia maneno kimoyomoyo. Madaktari huanza kuuita ugonjwa pale mambo hayo yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapomharibia mtu kazi, masomo na maisha ya nyumbani.

Ukoo wa ugonjwa huu ni mpana kuliko OCD yenyewe. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliutenga katika sura yake katika kitabu chao cha uainishaji wa magonjwa, pamoja na jamaa zake: tabia ya kulimbikiza vitu visivyo na kazi bila kuweza kuvitupa, kujing'oa nywele, kujichubua ngozi mpaka vidonda, na kuteswa na kasoro ya sura ambayo watu wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umeongeza katika kundi hilo hofu ya kudumu ya kuwa na ugonjwa mkubwa, na imani ya mtu kwamba mwili wake unatoa harufu mbaya inayowakera wengine. Mchora shajara anapaswa kuongeza pia tiki, yaani mishtuko ya ghafla ya misuli au sauti ambayo mtu haikusudii, kwa sababu ugonjwa wa Tourette, ambao ni wa tiki hizo zinapodumu, na OCD vina sehemu ya urithi wa pamoja. Kwa hiyo unapouliza kuhusu ukoo, usiulize juu ya udhu peke yake.

Karatasi na alama

Chukua karatasi kubwa, penseli na kifutio, kwa sababu utafuta mara nyingi. Mwanamume huchorwa kwa mraba na mwanamke kwa duara; mtu ambaye jinsi yake haijulikani huchorwa kwa pembe nne iliyosimama kwa ncha yake, mfano wa kipande cha kashata; mimba iliyoharibika huchorwa kwa pembetatu ndogo. Mstari wa mlalo kati ya mraba na duara ni ndoa, na mistari miwili ya mlalo ni ndoa ya watu wenye damu moja. Watoto hushuka kwa mstari wa wima, mkubwa akianzia kushoto. Aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Mtu ambaye shajara inachorwa kwa ajili yake huonyeshwa kwa mshale mdogo. Kila kizazi huwekwa katika safu yake na kupewa namba ya Kirumi, na kila mtu katika safu hupewa namba ya kawaida, ili karatasi iweze kusomwa hata kama haina majina. Kwa wagonjwa napendekeza utaratibu mwepesi: umbo lijazwe lote kwa mtu aliyethibitishwa na daktari au ambaye dalili zake zilimvurugia maisha waziwazi, na lijazwe nusu kwa mtu anayesimuliwa tu. Vizazi vitatu vinatosha.

Kuuvua undugu kanzu yake

Hapa ndipo kazi ilipo, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine haitufai sana, kwa sababu lugha yetu ya undugu imejengwa kwa heshima na malezi kabla ya kujengwa kwa damu. Jeni, yaani vinasaba vya urithi ambavyo mtu huvipata kwa wazazi wake, hazijui heshima. Mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana kwa wastani asilimia 50. Ndugu wa mzazi mmoja tu, babu au bibi na mjukuu, na shangazi, ami au mjomba wa damu na mtoto wa ndugu yake hushirikiana asilimia 25. Nao watoto wa ndugu wawili hushirikiana asilimia 12.5. Namba hizi ndizo zinazoamua uzito wa kila jina unaloliandika.

Sasa tazama majina yenyewe. Baba mkubwa anaweza kuwa kaka wa damu wa baba, lakini pia anaweza kuwa mume wa mama mkubwa, ambaye hana damu yoyote na wewe. Mama mdogo ni mdogo wake mama, lakini katika nyumba ya wake wawili mara nyingi ni mke wa pili wa baba. Kaka na dada ni pamoja na watoto wa ami, na mjomba ni jina ambalo mtu wa pwani humpa yeyote mwenye mvi kidogo. Yupo pia ndugu wa kunyonya, ambaye sheria ya dini inamweka katika safu ya watu wasiooana na wewe, na ambaye huenda mlikua naye katika chumba kimoja. Huyo kwa hesabu ya jeni ni sifuri, isipokuwa kama alikuwa jamaa tangu mwanzo. Mtoto wa kulea ni hivyohivyo. Wote hawa waandikwe pembeni, kwa kuwa waliishi katika nyumba hiyo na walijifunza mambo yake, lakini wasiunganishwe kwa mstari wa damu.

Maswali ya kuufikia ukweli huu yaulizwe kwa adabu, na kwa kawaida bibi ndiye maktaba. Baada ya shikamoo, na baada ya habari za wote waliolala na walioamka, mtu anaweza kusema: "Bibi, naomba unisaidie kuwapanga watu wetu. Huyu mama mdogo unayemtaja, ni tumbo moja na mama, au alikuja kwa ndoa?" Au: "Hawa walitoka tumbo moja, au ni ziwa moja tu?" Yapo maswali yanayochoma, hasa lile la mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na hapo nashauri mwulizaji asishindane na ukimya. Aweke alama ya kuuliza juu ya mstari na kuendelea. Shajara yenye tundu moja bado ina manufaa, ilhali ukoo uliogombana kwa ajili ya karatasi hautatoa habari tena.

Ndoa za binamu, ambazo pwani yetu inazifahamu vizuri, zichorwe kwa mistari miwili bila aibu wala hukumu. OCD si ugonjwa wa jeni moja unaojitokeza pale mtoto anapopata nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kama ilivyo selimundu. Faida ya kuichora ndoa hiyo ni kwamba, kama babu mmoja wa ukoo alikuwa mgonjwa, watoto wa ndoa hiyo wanamfikia kwa njia mbili, na msomaji wa shajara anapaswa kuziona zote mbili.

Kuuliza juu ya vitendo, jina la ugonjwa liachwe

Ukimuuliza mzee wa Pangani au Muheza kama katika ukoo wake kuna ugonjwa wa akili, atakuambia hakuna, na kwa maana anayoijua yeye hatakuwa amesema uongo, kwani kwake mgonjwa wa akili ni yule anayetembea uchi barabarani. Uliza vitendo. Nani alikuwa akimaliza maji ya ndoo mbili kwa udhu mmoja? Nani alikuwa akirudia takbira ya kuhirimia mpaka imamu anarukuu? Nani hakuweza kulala bila kukagua komeo mara kadhaa? Nani alikuwa hapeani mkono na mtu, au akioga upya kila aliporudi sokoni? Nani chumba chake kilijaa magunia, makopo na magazeti ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa? Yupo mwanamke aliyefunikwa mtandio siku zote kwa sababu alijing'oa nywele za utosini? Yupo mtoto aliyekuwa akipepesa macho au kukoroma kwa ghafla mpaka akapigwa shuleni kwa kudhaniwa mtundu?

Kila unapopata jibu, liandikie mambo matatu: umri wa kuanza, muda ambao vitendo vilichukua kwa siku, na kilichoharibika kwa sababu yake. Umri wa kuanza ndio wenye thamani kubwa zaidi, na nitaeleza sababu yake mbele. Wazee hawakumbuki miaka, lakini hukumbuka matukio, kwa hiyo uliza kama ilikuwa kabla ya kuvunja ungo, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakati wa Vita vya Kagera, au baada ya uzazi wa kwanza. Uzazi utajwe kwa makusudi, kwa kuwa ni kipindi ambacho OCD huweza kuanza au kuzidi, na mama anayejiwa na mawazo ya kumdhuru mwanawe huyaficha kwa hofu ya kudhaniwa mbaya, ingawa mawazo hayo yanamtisha yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Kama dalili zilianza ghafla baada ya homa kali au kuumia kichwa, liandikwe hilo pia.

Namna ya kutofautisha ucha Mungu na ugonjwa imo ndani ya dini yenyewe. Wanafikihi wana kanuni isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliye na hakika kwamba ametawadha, kisha akashuku, udhu wake umesimama. Mcha Mungu akiambiwa hivyo na sheikh hutulia. Mgonjwa huambiwa hivyo, huikubali kanuni, pengine huwafundisha wengine kanuni hiyohiyo, kisha hurudi birikani. Kwa hiyo swali zuri la kumuuliza bibi ni hili: "Masheikh walimwambia nini, naye aliweza kuacha?"

Maelezo ya sababu yatakuja yenyewe: kuchezewa, pepo, jicho, mume aliyeoa mke wa pili. Yaandike kwa kifupi bila kubishana, kwa sababu mwaka aliopelekwa kwa mganga unaweza kuwa ndio mwaka pekee wenye tarehe katika kisa kizima. Lakini katika karatasi, vitendo vitangulie. Na uulize juu ya sonona, hofu ya kupindukia na kujinyima chakula hadi kukonda, kwa kuwa tafiti za vinasaba zinaonyesha kwamba magonjwa hayo hushirikiana sehemu ya urithi na OCD.

Tuchukue familia ya mfano, ya kubuni, yenye binti wa miaka 22 wa Chumbageni anayetumia saa tatu kwa siku kwa kutawadha na kukagua kufuli. Bibi yake anataja watu wanne wenye wasiwasi: shangazi mkubwa, mama mdogo, binamu mmoja, na kaka wa kunyonya wa binti huyo. Baada ya maswali, shangazi mkubwa ni dada wa damu wa baba, alianza kurudia udhu akiwa na miaka 13, akaachika kwa sababu hiyo. Umbo lake linajazwa lote. Mama mdogo ni mke wa pili wa baba, anaandikwa pembeni. Binamu ni mtoto wa mjomba wa damu, aliyejing'oa nywele tangu utotoni. Anajazwa nusu, upande wa mama. Kaka wa kunyonya anatoka katika hesabu. Wanne wamekuwa wawili, mmoja kila upande. Kisha binti mwenyewe anasema, kana kwamba jambo hilo halihusiki, kwamba baba yake huamka mara nne kila usiku kukagua mlango wa duka, na bibi anamkatiza: "Hiyo si wasiwasi, hiyo ni tabia ya mwanamume mwenye mali." Baba ndiye jamaa wa karibu kuliko wote waliotajwa, asilimia 50, naye hakuorodheshwa na mtu. Katika koo nyingi mgonjwa wa karibu zaidi ndiye asiyeonekana, kwa sababu nyumba nzima imeshamzoea.

Kuisoma shajara

Katika watu 100 wa kawaida, 2 au 3 hupata OCD wakati fulani wa maisha yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Baltimore, Marekani, uliwachunguza wazazi, ndugu na watoto wa wagonjwa, ukakuta ugonjwa kwa asilimia 11.7 kati yao, ikilinganishwa na asilimia 2.7 kwa jamaa za watu wasio wagonjwa. Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za taifa zima, ulikuta kwamba jamaa wa safu ya kwanza, yaani wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa, wana uwezekano wa mara nne hadi tano wa kuugua kuliko watu wengine, na kwamba uwezekano huo hupungua kadiri damu inavyokwenda mbali. Ndugu wa baba na mama mmoja walikuwa katika hatari kubwa kuliko ndugu wa mama mmoja tu, hata pale wote walipolelewa na mama huyohuyo. Hilo ndilo linalotufanya tuuvue undugu kanzu yake kabla ya kuuhesabu.

Namba hizo zisomwe kwa pande zote mbili. Asilimia 11.7 maana yake ni kwamba takribani jamaa 88 wa karibu kati ya 100 hawakuwa na ugonjwa. Tena, katika utafiti uleule wa Baltimore, jamaa za wale walioanza kuugua wakiwa na miaka 18 au zaidi hawakukutwa na OCD hata mmoja. Mkusanyiko wa kiukoo ulikuwa kwa walioanza wakiwa wadogo. Ndiyo sababu umri wa kuanza unastahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko idadi ya ndoo za maji.

Utakutana pia na takwimu za pacha, ambazo huwapotosha watu wengi. Tafiti za pacha zinakadiria kwamba urithi huchangia asilimia 45 hadi 65 ya dalili kwa watoto, na asilimia 27 hadi 47 kwa watu wazima. Msomaji wa haraka hudhani kwamba nusu ya watoto wa mgonjwa wataugua, jambo ambalo namba hizo hazisemi kabisa. Zinapima tofauti zilizopo kati ya watu katika jamii: ukiuliza kwa nini fulani ana dalili nyingi na jirani yake hana, takribani nusu ya jibu iko katika tofauti za jeni zao, na iliyobaki iko katika mambo mengine ya maisha. Kuhusu mtoto mmoja aliyeketi mbele yako, asilimia hiyo haina la kusema. Hata pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja wao anaweza kuugua na mwenzake akabaki mzima.

Sababu ni kwamba hakuna jeni ya wasiwasi. Mtu wa Tanga anajua kamba ya mkonge ilivyo: ukiifumua, hutakuta uzi mmoja unaoweza kusema huu ndio kamba. Mwaka 2018, uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa 2,688 haukupata hata sehemu moja iliyothibitika. Ilibidi kusubiri hadi 2025, walipolinganishwa wagonjwa 53,660 na watu zaidi ya milioni mbili wasio na ugonjwa, ndipo zikapatikana sehemu 30 za vinasaba zinazohusishwa na OCD, kila moja ikiongeza uwezekano kwa kiasi kidogo mno. Jeni nyingi kati ya zinazoshukiwa hufanya kazi katika ubongo, na picha inayojengeka inaelekeza kwenye mizunguko ya mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo na viini vya ndani vinavyoanzisha na kusimamisha vitendo. Mwaka 2007 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba panya walioondolewa jeni iitwayo SAPAP3 walijisafisha uso mpaka wakajitia vidonda, na kwamba waliporudishiwa jeni hiyo katika viini hivyo vya ndani, tabia hiyo ilipungua. Panya hana najisi ya kuogopa, na sipendi watu wanaoueleza utafiti huo kana kwamba ndio ugonjwa wa mwanadamu. Lakini unaonyesha kwamba kurudia kitendo kunaweza kuwa na mzizi katika nyama ya ubongo, na hilo ni jambo zuri kumwambia kijana anayedhani imani yake ndiyo dhaifu.

Kutokana na hayo, usinunue kipimo cha vinasaba kinachotangazwa mtandaoni kwamba kitakuambia kama mwanao atapata OCD. Uchunguzi wa 2025 ulifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na alama za hatari zinazotokana na vinasaba vya Wazungu hubashiri vibaya zaidi kwa Waafrika, ambao vinasaba vyao vina tofauti nyingi kuliko vya watu wa bara lolote. Shajara ya penseli, iliyochorwa barazani kwa msaada wa bibi, kwa sasa ina habari nyingi zaidi kuliko bomba la mate ya kupimwa vinasaba lililosafirishwa kwa ndege.

Posa, lawama, na watoto wadogo

Kuna matumizi mawili mabaya ya karatasi hii, na yote nayahofia. La kwanza ni posa. Familia zetu huulizia ukoo kabla ya kutoa binti, na shajara iliyojazwa maumbo meusi inaweza kuwa kisingizio cha kuvunja uchumba. Anayeulizwa ajibu kwa namba: hata kama mmoja wa wachumba ana OCD yeye mwenyewe, kwa kila watoto kumi, tisa hivi hawatarajiwi kuupata; na ugonjwa wenyewe una tiba. La pili ni lawama kwa mzazi. Baba wa mfano wetu hakumpa binti yake wasiwasi kwa kusudi, kama asivyompa kimo chake kwa kusudi, wala mama hawezi kushtakiwa kwa upande wa binamu.

Matumizi mazuri ni kuwaangalia watoto. Dalili nyingi huanza karibu na umri wa miaka 10 au mwanzoni mwa utu uzima, kwa hiyo katika ukoo wenye walioanza wadogo, mtoto wa miaka 9 anayeanza kufuta daftari mpaka linatoboka, au kuuliza swali lilelile kila usiku kabla ya kulala, apelekwe mapema. Na nyumba ijitazame. Jeni hatuwezi kuzibadili, lakini mazoea ya nyumba yanabadilika: dada anayechota maji ya tatu, mama anayeapa kila usiku kwamba mlango umefungwa, wote wanautuliza wasiwasi kwa dakika kumi na kuulisha kwa mwaka mzima. Kuacha kufanyike taratibu, kwa makubaliano na mgonjwa na kwa kuongozwa na mtaalamu. Kumfungia mtu maji ghafla ni ukatili.

Siku ya kliniki

Mtu wa Tanga mjini anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo na kuuliza huduma ya afya ya akili. Upande wa Korogwe iko hospitali ya Lutindi, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Usianze kwa kusimulia ukoo mzima. Mwambie daktari kwanza dalili za mgonjwa mwenyewe, saa zinazopotea kwa siku na umri wa kuanza, ndipo uweke karatasi mezani na kuonyesha mshale ulipo. Kama kuna jamaa aliyewahi kutibiwa, taja dawa aliyotumia na ilivyomfaa, kwa kuwa daktari huitazama habari hiyo anapochagua.

Tiba haitegemei majibu ya vinasaba. Ya kwanza ni mazoezi ya kukabiliana hatua kwa hatua na kile mgonjwa anachokihofia huku akijizuia kukirudia kitendo, mathalani kutawadha mara moja na kwenda kusali na shaka yake ikiwa bado kifuani. Ya pili ni dawa, kama fluoksetini au klomipramini, ambazo kwa OCD mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona na wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa kwamba zimefaa au hazikufaa. Wengi huziacha katika wiki ya tatu wakidhani zimeshindwa, kwa hiyo tarehe ya kuanza dawa nayo iandikwe pembeni mwa umbo la mgonjwa.

Karatasi iwe na tarehe ya kuchorwa kwenye kona, na kila mwaka au kila anapozaliwa mtoto ipitiwe tena. Mvulana wa miaka 6 ambaye mraba wake leo ni mtupu huenda akawa na habari nyingine akifika 12, na ami aliyekataa kusema huenda akasema baada ya kuona mwingine ametibiwa. Nakala inayokwenda kliniki iwe na namba bila majina. Ile yenye majina ibaki nyumbani ndani ya bahasha, kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na wote waliohojiwa, wala isipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ambako kabla ya adhuhuri itakuwa imeshafika kwa wakwe.